Usiitupe Themostati ya Gari la Zamani

Leo naomba mniwie radhi. Siendi kwenye siasa wala kwenye bei ya mpunga. Nazungumzia kijidude cha shaba kinachoenea kiganjani, kwa sababu kukosekana kwake kumenigharimu gasketi ya silinda hedi na usiku mmoja kando ya barabara.

Pale kwetu Bukene, wilayani Nzega, ninalo Land Rover la petroli nililoachiwa na baba yangu mdogo. Ni la mwaka 1972. Injini yake ni ile ya lita mbili na robo ambayo Waingereza walianza kuifunga kwenye Land Rover mwaka 1958. Gari hilo si pambo. Stesheni ya reli tunayo tangu njia ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, lakini treni haimsubiri mgonjwa. Usiku mtu akizidiwa, hodi hupigwa kwangu.

Basi msimu mmoja wa kiangazi gari likaanza kuchemsha. Fundi wetu, mzee ninayemheshimu sana, akafungua boneti, akalegeza boliti za kile kifuniko kilicho juu ya injini, akatoa themostati na kuitia kwenye kopo la misumari. "Mwanangu," akaniambia, "hii Wazungu waliiweka kwa ajili ya barafu. Hapa Unyamwezini ya nini?" Nikacheka, nikalipa, nikaondoka. Nadhani wengi wenu mmeambiwa hivyo hivyo.

Kazi ya themostati ni kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, kisha kuifungua. Injini ikitembea baridi, petroli haichomeki yote. Nyingine huteremka kwenye kuta za silinda, huosha oili na kuichafua. Mwezi wa Julai, asubuhi za Tabora zinapokuwa na ubaridi wake, nilikuwa naenda na choki imevutwa muda mrefu, na tangi likiisha kama limetobolewa. Hayo niliyavumilia. Nisilolijua ni kwamba injini yangu ina njia ya pili ya maji, njia fupi inayorudi moja kwa moja kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Themostati ya asili ina kola chini yake, na inapofunguka kola hiyo huiziba njia ile fupi. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka na kurudi ndani ikiwa na moto wake ule ule.

Kwa hiyo gari lililotolewa themostati ili lisichemshe, likachemsha. Lilichemsha usiku, njiani kwenda Nzega, nyuma amelala mke wa jirani aliyeshikwa na uchungu, na shangazi yake ananiuliza kila dakika, "Baba, bado?" Lori la mkaa likatuokoa. Mama alijifungua salama hospitalini, nami nikarudi kulala kwenye gari hadi alfajiri. Wapagazi wa misafara ya zamani katika nchi hii walianza safari mapema na kutua kabla ya jua la mchana. Mimi niliunguza gasketi penye ubaridi wa saa nane za usiku.

Nikaenda Tabora mjini kutafuta nyingine. Kijana wa dukani akanipa inayofanana kwa upana, haina kola, imepigwa chapa 88. "Inaingia hiyo, mzee." Ni kweli iliingia. Lakini kuingia ni jambo moja na kuziba njia fupi ni jambo jingine. Nikarudi kwa fundi, nikaiomba ile ya zamani kutoka kwenye kopo la misumari, nikaipiga picha kwa simu pamoja na rula na kumtumia rafiki Dar es Salaam. Baada ya wiki mbili zikaja mbili zenye kola.

Sasa namba. Kwa injini hizi nimeona 74, 82 na 88. Ni nyuzi za Sentigredi ambazo themostati huanza kufunguka. Kufunguka kabisa huchukua nyuzi kumi hivi zaidi. Wengi hudhani namba ndogo hupoza gari. Haipozi. Inafungua mlango mapema tu, na kama rejeta imejaa matope, mlango wazi hausaidii. Ila hapa kwetu kuna jambo ambalo mtu wa Pwani halimgusi. Nyanda za Tabora ziko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko mzima wa rejeta hubana maji yakachelewa kuchemka, lakini ni wangapi kati yetu wenye mfuniko mzima? Mingine imefungiwa kitambaa. Ukiwa na 88 na mfuniko mbovu umebakiwa na nyuzi nane tu. Ya 74 nayo huchelewesha injini kupata moto asubuhi. Nimechagua 82, na nimenunua mfuniko mpya.

Kabla ya kuifunga niliipima. Sufuria ya maji jikoni, kipimajoto, themostati inaning'inia kwa uzi isiguse chini. Mke wangu akauliza leo tunakula nini. Moja ilianza kufunguka penye 83. Ya pili, yenye boksi zuri zaidi na bei ile ile, haikutikisika hata maji yalipotokota. Ningeifunga hiyo, ningelala tena barabarani. Themostati za kisasa hutumia nta inayovimba. Nta ikivuja, springi huiacha imefunga. Zile za kale zenye mfuko wa shaba uliokunjwa kama kodiani, zikitoboka, mara nyingi hubaki wazi. Ndiyo maana mzee wetu hakuwahi kuona ubaya wake.

Upande wa nta na springi uelekee ndani ya injini. Gasketi iwe mpya.

Gari linakwenda miezi minne sasa, na petroli imepungua kwa kiasi ambacho hata mke wangu amekiona. Fundi bado hajakubali. Amesema tusubiri Oktoba, jua likiwaka, ndipo tuzungumze.