Nani Aiteuaye Bodi ya Maji?



Tumekutana kuzungumzia sheria ambayo wengi hudhani ni ya mainjinia na mawakili. Sisi twaiona kuwa sheria ya kila mama abebaye ndoo. Swali lake kuu ni hili: anayeuza maji ya umma humjibu nani?

Historia ya jiji letu kuu inafunza. Mnamo 1983 Serikali ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi, ikaweka Tume ya watu walioteuliwa. Muda wa Tume hiyo uliongezwa tena na tena, hata mkaazi wa Nairobi akaishi zaidi ya miaka tisa bila diwani. Mfereji ulipokauka, hakuwa na kura ya kumwondoa mhusika. Ni uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, mwaka mmoja baada ya kufutwa kwa kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, uliowarudisha madiwani.

Tangu hapo sheria imebadilika. Sheria ya Maji ya 2002 ilileta Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji na kuruhusu kampuni za kusambaza maji, nyingi zikiwa mali ya mabaraza ya miji. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikayafanya maji safi na ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Jedwali la Nne likazikabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Kisha Sheria ya Maji ya 2016 ikazitaka kaunti ziunde kampuni hizo, huku Bodi ya Kudhibiti ikitoa leseni na kuidhinisha bei.

Mpango huu twauunga mkono. Hata hivyo, kuhamisha uteuzi kutoka kwa waziri hadi makao makuu ya kaunti si mageuzi, ikiwa bado mtu mmoja atateua nyuma ya mlango uliofungwa. Mkurugenzi aliyewekwa kwa hisani atailinda hisani. Hatauliza kwa nini maji yanavuja wala ni nani ayaibaye bombani. Hasara hiyo itatiwa katika bei, na mlipaji mwaminifu atamlipia mwizi.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, nafasi za wakurugenzi zitangazwe hadharani, na muda wao ulindwe ili wasifutwe kwa simu ya mkubwa. Pili, wateja wawe na wajumbe wao katika bodi, wakiwemo wanunuao maji vioskini, ambao hawana mita wala ankara. Tatu, kabla bei haijapandishwa, hesabu za kampuni zisomwe mbele ya wananchi kwa lugha wanayoielewa. Kifungu cha 35 cha Katiba kimetupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kifungu cha 10 kimeutaja ushiriki wa wananchi kuwa msingi wa utawala.

Wenzetu, hatukupigania kura ili tuitumie mara moja kila miaka mitano, kisha tunyamaze. Kila kaunti ina bunge lake. Tupeleke madai haya huko kwa maandishi, tena tuhudhurie vikao. Maji tumekwisha yavulia nguo. Hatuna budi kuyaoga.