Mwajiri Naye ni Mwalimu



Ndugu wapenzi wa Nachingwea na Ruangwa, leo napenda kusema na wale miongoni mwetu waliojaaliwa kuajiri wenzao. Mtu akisikia neno mwajiri hudhani ni Serikali au kampuni kubwa. Lakini mwenye gereji ni mwajiri. Mwenye vyerehani vitatu ni mwajiri. Na mwenye shamba la mikorosho anayeita vibarua kupalilia na kuokota, naye ni mwajiri.

Kijana akiwaendea hawa huulizwa: Je, unao uzoefu? Naye ametoka shule juzi. Hujibu hana, akarudishwa. Aendako kwingine huulizwa lile lile. Basi uzoefu huo ataupata wapi, ikiwa kila aliye nao amefunga mlango?

Kurani Tukufu inatueleza habari za Nabii Musa a.s. alipofika Madyan. Alikuwa mgeni aliyekimbia kwao, tena aliyelelewa katika nyumba ya Firauni, si katika machunga. Binti wa mzee wa huko alipomwombea kazi kwa baba yake alitaja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Mzee akamkubali, wakapatana muda: miaka minane, na akipenda mwenyewe, kumi. Hapa tunajifunza mambo mawili. Mwajiri atazame kwanza tabia na uwezo wa kijana, maana kazi hufundishika. Na mapatano yawe wazi tangu mwanzo.

Tusipofanya hivyo, hasara yake tunaijua. Machinga ni jina la watu wa mkoa wetu huu wa Lindi, lakini leo nchi nzima humwita hivyo kila anayetembeza bidhaa barabarani. Uchuuzi ni kazi ya halali, wala si aibu. La kusikitisha ni kijana kwenda Kariakoo kwa sababu tu nyumbani hakupata mtu wa kumshika mkono.

Nachingwea imewahi kuona kazi kubwa ikija na kuondoka. Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947 walileta matrekta, wakajenga na reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Reli huweza kung'olewa. Ujuzi ulio mikononi mwa mtu haung'oki. Leo Ruangwa kunachimbwa madini ya kinywe. Migodi huhitaji mafundi umeme, wachomeleaji na waendesha mitambo. Tusipowaandaa vijana wetu sasa, kazi hizo zitashikwa na watu wa mbali, nasi tutabaki kuhesabu malori yakipita.

Kwa hiyo nawaombeni waajiri mambo manne.

Kwanza, kila mwenye kazi amchukue walau kijana mmoja, na mapatano yaandikwe: muda, posho na mambo atakayofundishwa.

Pili, afundishwe kweli. Kijana anayefagia gereji mwaka mzima bila kushika spana amefanywa mtumishi, hakufanywa mwanagenzi.

Tatu, alindwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kutumikishwa migodini na penye hatari. Kufundisha kusiwe kisingizio cha kupata kazi ya bure.

Nne, amalizapo asiondoke mikono mitupu. Apewe barua inayoeleza anayoyajua, kisha aelekezwe VETA, ambao huwapima na kuwapa vyeti hata mafundi waliojifunzia kazini.

Pengine mtu atasema: Biashara yangu ni ndogo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2021 tozo ya kuendeleza ujuzi hulipwa na mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Mdogo amesamehewa tozo, lakini hakusamehewa wajibu. Nani miongoni mwetu alizaliwa akijua kazi yake? Kila fundi alianza kwa kuharibu kitambaa cha mtu aliyemvumilia.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wavumilivu kwa vijana wetu, na kuwaachia urithi wa ujuzi. Amin.