Mama Hajamaliza Kusema

Masomo: Hesabu 27:1-11, Luka 24:9-12

Leo nasema hasa na wamama na wadada wenye kazi za mshahara: waalimu, wauguzi, watunza hesabu, wanaokaa dirishani kwenye biro za serikali. Wababa, msizime redio. Neno linawahusu vilevile.

Kuna jambo wamama wengi wananiletea katika mashauri, na kila mmoja anadhani ni lake peke yake. Anaanza kusema kikaoni, mwanaume anamkata neno. Anatoa wazo, linapita kama upepo. Dakika kumi baadaye mwanaume analisema lilelile, na shefu anamsifu. Mwenzake wa cheo kilekile anaitwa "Bwana Mhasibu". Yeye anaitwa "mama", kisha anatumwa kuleta chai. Kwetu "mama" ni jina la heshima. Lakini likitumiwa kuficha cheo ambacho mtu amekisomea, heshima imetoka, limebaki ganda.

Wengine watasema haya ni madogo katika nchi yenye vita. Haya, chukueni kituo cha afya. Chanjo nyingi za watoto hutunzwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8. Muuguzi anayefungua friji kila asubuhi ndiye anayejua kwamba kipimo kimepanda. Akisema, akajibiwa, "Mama, acha woga, tuendelee," watoto watachomwa chanjo isiyo na nguvu tena, na wazazi watarudi nyumbani wakiamini wamekingwa. Hasara ya neno lililokatwa haimwangukii muuguzi peke yake.

Sasa neno gumu. Wamama wetu waliookoka wanavumilia kupita wengine, maana tumewafundisha kanisani kwamba upole ni kunyamaza. Kuna wanaume wanaochukua maneno ya Paulo kwa Wakorintho juu ya utaratibu wa ibada, wakayabeba mpaka biro. Ibada ya Korintho si kikao cha Jumatatu! Paulo huyohuyo alishona hema pamoja na Akila na Prisila. Na Prisila pamoja na mumewe walimkalisha Apolo, msomi hodari wa kusema, wakamfafanulia alichokuwa hajakielewa vizuri. Hatusomi popote kwamba Apolo alichukia.

Twende kwa mabinti wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, na urithi ukawa unawapita. Tazameni walivyofanya. Hawakulia kisimani na kurudi hemani. Walikwenda wote watano. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote, yaani mahali mambo yanapoamuliwa, penye mashahidi. Wakaeleza habari yenyewe: baba alikufa, hakuwa katika kundi la Kora, hakuacha mwana. Kisha wakasema wanachotaka. Hawakutukana, wala hawakuomba radhi kwa sababu wamesema. Musa naye hakuwafukuza. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akawapa haki. Sheria ya urithi ikapata sura mpya kwa Israeli yote.

Kwa hiyo, dada, nenda kikaoni na daftari. "Jana friji ilikuwa digrii 11, leo 12" ni neno gumu kulikata kuliko "naona friji haiko sawa". Patana kabla na mwenzako mmoja: wewe ukikatwa, yeye aseme tumsikilize amalize, yeye akikatwa, wewe useme. Kama uko peke yako, ngoja yule bwana apumue, halafu kwa sauti yako ya kila siku sema, "Shefu, nilikuwa sijamaliza," uendelee palepale ulipoachia. Usitangulize "samahani", hujakosa. Wazo lako likibebwa na mwingine, sema, "Namshukuru ndugu kwa kuunga mkono neno nililoleta mwanzoni." Watacheka kidogo. Waache wacheke, mradi mwandishi wa kikao aandike jina lako. Na mwenzako mwenye mazoea ya kukudharau, mwendee kwanza mkiwa wawili tu, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 18. Wengine kwa kweli hawajioni.

Lakini tusichanganye mambo. Mkubwa anayekushikashika, au anayedai mwili wako ndipo asaini mkataba, huyo si wa kuvumiliwa. Sheria ya nchi yetu ya Julai 2006 juu ya jeuri ya kingono inaliita jambo hilo kosa la jinai. Andika tarehe, tafuta shahidi, mwone wakili. Mchungaji akikuambia uombe tu na kunyamaza, tafuta mchungaji mwingine.

Wababa, sasa zamu yenu. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria la kumfunga. Mwaka 2016 jambo hilo liliondolewa. Mwaka 2024 tulipata Waziri Mkuu wa kwanza mwanamke, Judith Suminwa Tuluka. Na bado kuna shefu wa watu sita anayeona uzito kumwacha mwanamke amalize sentensi mbili!

Mitume nao waliyaona maneno ya wamama waliotoka kaburini kuwa ya upuzi, na ile ndiyo ilikuwa habari kubwa kuliko zote. Petro alau aliinuka akakimbia kwenda kujionea. Wewe unayeongoza kikao, fanya kama Petro: inuka, nenda ukaitazame hiyo friji. Na wewe unayekaa karibu na mama aliyekatwa neno, usimsemee. Sema tu, "Mama hajamaliza," kisha ukae kimya.

Someni Hesabu 27 nyumbani, mume na mke pamoja. Juma lijalo, Bwana akipenda, tutafungua sura ya 36, maana wazee wa ukoo walirudi kwa Musa na swali lao.