Kabla ya Kulaumu, Tuulize: Fundisho la Mto Ruaha Mkuu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkusanyiko wa waumini)





Mada niliyopewa ni nafasi ya wataalamu katika kutunza maji na kutunga sera za mazingira. Mada hii ni pana kama bahari, na muda wetu ni mfupi. Kwa hiyo sitazunguka dunia nzima. Nitasimama kando ya mto mmoja tu wa nchi yetu, Ruaha Mkuu, kwa sababu kisa chake kinaonesha wazi faida ya kumsikiliza mwenye elimu, na hasara inayowapata watu wanyonge pale anapopuuzwa.

Mto wenyewe

Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu yenyewe huteremka kutoka nyanda za juu kusini na kuingia katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Huko maji hutandaa katika kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu. Kinamasi hicho ni mfano wa bakuli lenye ukingo wa mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya ukingo, mto hutoka na kuendelea na safari yake ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Yakishuka chini ya ukingo, hata tone moja halitoki. Mbele zaidi mto hufika kwenye bwawa la Mtera, kisha Kidatu, ambako mitambo yenye uwezo wa megawati 80 na 204 huzalisha umeme.

Zamani mto huu haukuwa na kawaida ya kukauka. Lakini katika kiangazi cha mwaka 1993 ulikatika ndani ya hifadhi. Tangu hapo jambo hilo likawa la kila mwaka, mara kwa majuma machache, mara kwa zaidi ya miezi mitatu. Viboko walirundikana katika madimbwi ya tope na samaki wakafa. Katika miaka hiyo hiyo, 1992 na 1994 hadi 1995, taifa likapata mgawo wa umeme. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili, na swali likawa moja: nani amekausha mto?

Lawama zilivyoanza

Ndugu zangu, jibu lilipatikana upesi mno. Ilisemwa kwamba mwenye kosa ni mfugaji. Ng'ombe wake wamejaa Ihefu, wamekanyaga ardhi na kumaliza majani. Jibu hilo lilikuwa jepesi kuaminika, kwa sababu mfugaji huonekana mgeni, huhamahama, na kundi la ng'ombe huonekana kwa macho kutoka mbali. Maji yanayopotea ndani ya mfereji usiku hayaonwi na mtu.

Hapo ndipo inapokuja kazi ya mtaalamu. Yeye hatosheki na kinachoonekana. Huenda kupima.

Wataalamu walipokwenda kupima

Kuanzia mwaka 1998 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi uitwao SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza, ulichunguza bonde la Usangu kwa kina. Wataalamu walihesabu mifugo kutoka angani, wakapima mito, wakasoma kumbukumbu za mvua, wakakaa na wakulima na wafugaji. Ikabainika kwamba mifugo ilikuwa michache sana kuliko ilivyodaiwa, na kwamba haikuwa sababu kubwa ya kukauka kwa mto. Hawakusema kwamba mifugo haina madhara yoyote. Walisema tu kwamba si yenyewe iliyoyanywa maji ya Ruaha.

Sababu kubwa ilikuwa maji yanayochepushwa kwenda mashambani wakati wa kiangazi. Katika miaka ya mvua nyingi, eneo la mpunga Usangu lilifikia takriban hekta 40,000, yakiwemo mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga pamoja na majaruba ya maelfu ya wakulima wadogo. Mpunga huo unalisha taifa, na hakuna mwenye akili anayeuchukia. Tatizo halikuwa maji ya masika, ambayo ni mengi. Tatizo lilikuwa kwamba mifereji iliachwa wazi hata baada ya mavuno, na tena mapema kabla ya mvua, ili wenye kuwahi vitalu vya miche wawahi bei nzuri sokoni.

Wakaona na jambo jingine la kustaajabisha. Mabanio ya zamani, yaliyojengwa kwa mawe, magogo na majani, yalikuwa yakivuja. Ule uvujaji uliodharauliwa ndio uliokuwa ukiwapa maji watu wa chini na wanyama wa hifadhini. Yalipojengwa mabanio ya zege kwa nia njema ya kuboresha kilimo, yaliweza kuchukua karibu maji yote ya kiangazi. Maendeleo ya kijiji kimoja yakawa kiu ya kijiji kingine.

Baadaye Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walionesha kwamba eneo la kinamasi wakati wa kiangazi lilipungua kwa takriban asilimia 40 kati ya mwaka 1958 na 2004. Wakakadiria pia kwamba ili zitoke Ng'iriama lita 500 au 600 tu kwa sekunde, ni lazima ziingie Ihefu takriban lita 7,000 kwa sekunde, kwa kuwa jua hunyonya sehemu kubwa. Basi mtu akifunga mfereji wake siku mbili akaona mto haujarudi, asidhani kwamba jitihada ni bure. Bakuli halijajaa bado.

Ama kuhusu umeme, baadhi ya wataalamu walieleza kwamba Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, si na vijito vya kiangazi, na kwamba namna ya kuyafungulia maji ya bwawa ilichangia sana upungufu ule. Kwa maneno mengine, hata swali la kwanza halikuwa limeulizwa vizuri.

Uamuzi wa mwaka 2006

Ndugu wapenzi, elimu hiyo ilikuwapo, imeandikwa na kukabidhiwa. Lakini mwaka 2006, ukame na mgawo wa umeme viliporudi, wafugaji waliamriwa kuondoka Usangu. Familia nyingi zilisafiri na mifugo yao hadi mikoa ya mbali kama Lindi na Pwani. Malalamiko ya mateso na hasara yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 2007 iliundwa tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 eneo la kinamasi likaingizwa ndani ya hifadhi.

Je, mto ulirudi? Haukurudi. Uliendelea kukauka katika viangazi vilivyofuata, na mwaka 2022 habari zilikuwa zile zile za viboko kwenye tope. Mfugaji alikwisha ondoka, na mto ukakauka bila yeye.

Dini yetu inatuagiza tuichunguze habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Kwa kawaida tunalifahamu agizo hili kuhusu uvumi wa mitaani. Kisa cha Ruaha kinatuonesha kwamba linahusu pia mito na sera za nchi.

Wataalamu nao hukosea

Hata hivyo, haitakuwa haki kumfanya mtaalamu kuwa malaika. Katika miaka ya 1990, kwa ushauri wa wataalamu na mkopo wa Benki ya Dunia, ulisisitizwa mpango wa vibali vya maji vyenye kulipiwa ada. Kibali kilitaja lita kadhaa kwa sekunde, lakini banio halikuwa na kipimo. Mkulima aliyelipa aliona kwamba ameyanunua maji, basi ayachukue apendavyo, hata kiangazi. Na utafiti ulionesha kwamba gharama ya kukusanya ada kwa wakulima wadogo ilizidi kile kilichopatikana. Walisahau kwamba wakulima walikuwa na desturi zao za kugawana maji kwa zamu.

Wataalamu wengine wakajifunza kutokana na kosa hilo. Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia alibuni mchezo wa ubao wenye mteremko. Gololi hutiririka kama maji ya mto, na wachezaji huweka vijiti kama mabanio ili kuzinasa. Wakulima wa juu na wa chini walikalishwa pamoja kuucheza. Aliyezoea kukaa juu alipowekwa chini, akaziona gololi zote zikiishia kwa mwenzake, alielewa bila hotuba. Kisha wakazungumza juu ya zamu. Huyo ndiye mtaalamu tunayemhitaji: ajuaye kupima, na ajuaye pia kuketi na kusikiliza.

Elimu hiyo imeacha alama katika sheria zetu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mahitaji ya binadamu kwanza, kisha uhai wa mazingira, ndipo matumizi mengine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilizipa nguvu bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji. Lakini sheria haifungi banio. Banio hufungwa na mkono wa mtu.

Wajibu wetu

Basi tufanye nini?

Kwanza, tusishiriki katika lawama tusizozichunguza. Ukisikia kwamba kabila fulani au watu wa kazi fulani ndio waliomaliza maji, uliza: nani amepima, wapi, na lini?

Pili, tuwasomeshe vijana wetu, wa kiume na wa kike, elimu ya maji na ardhi. Tusingoje wengine watupimie mito yetu.

Tatu, tuhudhurie vikao vya jumuiya za watumia maji. Mara nyingi viti huwa vitupu, kisha tunanung'unikia maamuzi yaliyopitishwa.

Nne, tuanze hapa hapa msikitini. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, yaani pungufu ya lita moja. Nasi hufungua bomba, tukazungumza na jirani, maji yakapita bure. Anayeacha bomba wazi wakati wa udhu na anayeacha banio wazi wakati wa kiangazi wamefanya kosa la aina moja, ila kipimo ndicho kinachotofautiana.

Ndugu zangu, aliye juu ya mto hamwoni aliye chini, lakini Mwenyezi Mungu anawaona wote wawili. Yeye atujaalie kuithamini elimu, kuwatendea haki wanyonge, na kuyatunza maji aliyotuamini nayo. Amin.

Wassalaam.