Chupa Tupu, Meza Nzuri
(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Nyamache)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya majani chai wala ng'ombe wa gredi. Tumekuja na chupa tupu. Msicheke kwanza.

Tunapotembelea Jumuiya Ndogo Ndogo tunakutana na watu walioishi pamoja miaka mingi. Mahari ilitolewa, watoto wako sekondari, lakini hawajafunga ndoa kanisani na Komunyo hawapokei. Tukiwauliza, hawasemi kwamba hawataki. Wanasema, "Hatuna pesa ya harusi."

Sasa tuulizane, Kanisa linadai nini? Linadai wawili wenye hiari, wasio na kizuizi, wakubaliane mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Serikali nayo, katika sheria ya ndoa ya mwaka wa 2014, inadai wawe wametimiza miaka 18 na ndoa iandikishwe. Hakuna aliyetaja tenti. Hakuna aliyetaja maua ya plastiki ya kukodi kutoka Kisii mjini.

Wazee wetu pia walijua mzigo huu. Enyangi ilikuwa sherehe kubwa, bibi akavishwa ebitinge miguuni, na wengine waliifanya baada ya kukaa pamoja miaka mingi, walipopata uwezo. Basi kumwambia mtu tu, "Njoo ufunge ndoa, haina gharama," hakutoshi. Anaogopa meza yake itachekwa. Lazima tumwonyeshe meza nzuri ambayo haikuuza ng'ombe.

CHUPA ZIPI?

Chupa hatukosi. Ziko nyuma ya baa, kwenye hoteli, kwenye mitaro ya soko. Kioo hakiozi. Jembe likiipiga chupa shambani, mguu wa mtoto ndio unaolipa. Kwa hiyo tukiziokota tunasafisha kijiji pia.

Tuchukue chupa za divai, za pombe kali, za sosi, za asali na za jemu. Tuziache za soda na bia ambazo hurudishwa dukani. Hizo zina wenyewe, na mtu aliweka pesa juu yake. Chupa za dawa ya ng'ombe au ya kunyunyizia mimea tusiziguse kabisa. Hata zikioshwa mara kumi, hazifai kukaa karibu na chakula. Na yenye ufa au mdomo uliomeguka isiingie katika kazi yetu.

Mwingine atauliza, "Chupa ya pombe ikae mbele ya padre?" Tunaelewa, kwa sababu pombe imeharibu nyumba nyingi. Lakini chupa haikulewa. Aliyelewa ni mtu. Lebo ikitoka, kinachobaki ni kioo safi.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Loweka chupa usiku kucha katika maji ya vuguvugu na sabuni. Usimimine maji yanayochemka katika chupa baridi, itapasuka. Gundi iliyobaki isugue kwa jivu na mafuta kidogo ya kupikia. Ndani, tia mchanga kidogo na maji, tikisa, kisha suuza vizuri.

2. Zianike kichwa chini kwenye kichanja cha vyombo mpaka zikauke.

3. Pika uji mzito wa unga wa ngano, huo ndio gundi yetu. Paka shingoni, halafu zungusha kamba ya katani ikibanana. Nyuzi kavu za mgomba zinafaa pia. Muombeni fundi wa nguo mabaki ya kitambaa cha rangi ya harusi, mfunge utepe.

4. Maua yakatwe asubuhi mapema, shina kwa mshazari. Ondoa majani ya chini yasioze ndani ya maji. Jaza maji robo tatu ili chupa isianguke upepo ukivuma. Maua yawe mafupi, wageni waonane usoni.

5. Mshumaa uwekwe katika chupa pana ya jemu, juu ya mchanga wa vidole viwili, mbali na vitambaa na nyuzi kavu. Usiusimamishe kwenye mdomo wa chupa ndefu. Ikiguswa kidogo tu, kitambaa cha meza kinashika moto.

Kuna wanaokata chupa kwa uzi uliochovywa mafuta ya taa na kuwashwa. Tafadhali msifanye hivyo. Mtu anaweza kuungua, na ukingo unaobaki ni wembe. Chupa nzima inatosha.

KAZI YA KIKUNDI

Tupige hesabu. Wageni 160, wanane kwa kila meza, ni meza 20. Kila meza chupa 3, jumla 60. Kikundi cha watu 20, kila mtu akileta 3, kazi imekwisha. Na chupa hizo zitapamba harusi nyingine nyingi, si moja tu.

Zihifadhiwe katika masanduku, zikipangwa na majani makavu ya mgomba katikati, katika nyumba moja iliyochaguliwa. Mwekahazina aandike katika daftari zilizotoka na zilizorudi. Wasio na uwezo wapewe bure. Wenye uwezo walipe kidogo, kiasi ambacho kikundi kimekubaliana, na pesa hizo ziwekwe kwa ajili ya wanaongoja ndoa. Atakayevunja moja alete mbili. Vipande viokotwe na mtu mzima, vitupwe ndani ya choo cha shimo, si kwenye shamba.

Hatusemi kwamba chupa zitalipa mahari au kupika chakula. Lakini mapambo ni mahali ambapo kamati za harusi humwaga pesa na kesho yake hakuna kinachobaki. Hapo tunaweza kuanza, na aibu ikipungua, mlango wa kanisa utaonekana karibu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni nani wanaotaka kufunga ndoa na wanazuiwa na gharama?

2. Ni gharama gani za harusi ambazo sisi wenyewe tumezifanya kuwa sheria?

3. Mkutano ujao, nani ataleta chupa, na nani ataleta kamba?