Mikono ya Wauguzi na Ukavu wa Kipupwe

(Maneno ya hotuba iliyosomwa Malangali, Sumbawanga, mbele ya wauguzi, wakunga, waalimu na wenyeviti wa mitaa)

Tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, yaani mikono iliyokauka na kupasuka. Labda mtu atasema moyoni mwake, "Je, tumeacha kazi zetu ili tufundishwe kupaka mafuta?" Twamwomba avumilie kidogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa tutakaoutaja leo umo katika kidole cha mtu anayewapokea watoto wenu duniani.

Wote mwaijua hali ya nchi yetu. Uwanda huu wa Ufipa umeinuka sana, na mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Mei hata Oktoba mvua ni haba. Mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali, na upepo hukausha kila kitu. Midomo ya watoto hupasuka, na visigino vya wazee hupata magaga. Basi, ikiwa mkono wa mkulima unaooshwa mara chache kwa siku wapauka, utakuwaje mkono wa muuguzi, apaswaye kuutakasa kabla ya kumgusa kila mgonjwa na baada ya kumgusa, mara ishirini, thelathini au zaidi katika zamu moja?

Kwanza tueleze sababu yake. Ngozi ya nje imejengwa kama ukuta wa nyumba. Chembe ngumu za ngozi ndizo matofali, na mafuta ya mwili yaliyo katikati yake ndiyo udongo unaoyashika. Udongo huo huzuia maji ya mwili yasitoke, tena huzuia vijidudu visiingie. Sabuni iondoayo mafuta katika sufuria haijui kutofautisha sufuria na mkono. Huondoa uchafu, na pamoja na uchafu huondoa sehemu ya mafuta ya ngozi. Mkono ukipumzika, mafuta hayo hurudi. Lakini ukioshwa tena na tena, na hewa ikiwa kavu, hayapati nafasi ya kurudi. Hapo ngozi hukakamaa, huwa nyekundu, huwasha, na mwisho hupasuka katika viungo vya vidole.

Sisi tunaosema nanyi tumefanya kazi hiyo, nasi hatuoni haya kusimulia yaliyotupata. Mwaka mmoja, katika zahanati ambayo hatutaitaja, vidole vyetu vilipasuka katika kipupwe. Kila tuliponawa, sabuni iliuma kama pilipili. Hatukumwambia mtu. Tukaanza kunawa upesi upesi, kisha tukawa tunachovya ncha za vidole tu, na mara nyingine tulipita kitanda hata kitanda pasipo kunawa kabisa, tukijiambia kwamba tutanawa baadaye. Siku moja mama aliyekwisha kujifungua alitutazama tulipokuwa tukimfunika mtoto wake, akauliza kwa upole, "Nesi, mbona mkono wako watoka damu?" Tuliona haya kubwa. Mama yule hakupatwa na neno, lakini sisi tulielewa siku ile ya kuwa mkono unaouma ni mkono usiooshwa, na mkono usiooshwa ni hatari kwa mgonjwa. Tena katika nyufa za ngozi vijidudu viletavyo usaha hupata maficho mazuri, wala havitoki kwa urahisi.

Hatari hiyo si hadithi. Katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, mwezi wa Aprili mwaka 1847, katika wodi moja ya wazazi, walikufa kama mama 18 katika kila 100, kwa homa ya uzazi. Mganga Ignaz Semmelweis alitambua ya kuwa waganga na wanafunzi wao walitoka kupasua maiti wakaenda kuwashika wazazi. Katikati ya Mei aliwaamuru wote waoshe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Juni waliokufa walikuwa kama 2 tu katika 100. Kwa hiyo asitokee mtu kusema, "Mikono yauma, basi tuache kunawa." Kunawa hakuachwi. Linalotafutwa ni njia ya kunawa bila kuiharibu ngozi.

Na njia hiyo ilianza kutafutwa zamani, kwa ajili ya muuguzi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1889 kuingia 1890, katika Hospitali ya Johns Hopkins, mji wa Baltimore, Marekani, alikuwako Bibi Caroline Hampton, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Dawa ya zebaki iliyotumika kusafishia mikono ilimharibu ngozi vibaya. Mganga mkuu wa upasuaji, William Halsted, hakumwambia avumilie, wala hakumwondoa kazini. Aliiomba kampuni ya Goodyear itengeneze glavu nyembamba za mpira zimfae. Zilifaa, wengine wakazitaka, na kabla ya mwaka 1900 ilionekana katika hospitali hiyo ya kuwa glavu zilipunguza pia usaha katika vidonda vya wagonjwa. Angalieni, basi: kitu kilichotengenezwa ili kuponya mikono ya muuguzi mmoja kikawa ngao ya wagonjwa wengi.

Sasa twataka kuwapa mashauri machache ya kufuata.

Kwanza, naweni kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu. Maji ya moto huongeza ukavu wala hayaongezi usafi wa mikono. Suuzeni sabuni yote, hasa katikati ya vidole, kisha kausheni kwa kugandamiza kitambaa safi, msisugue.

Pili, kama mikono haina uchafu uonekanao, tumieni kitakasa mikono chenye spiriti. Watu wengi hudhani ya kuwa spiriti hukausha kuliko sabuni, lakini kitakasa kilichochanganywa na gliserini huidhuru ngozi kidogo kuliko kunawa kwa sabuni mara kwa mara. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009, kila lita 10 za kitakasa cha spiriti hutiwa mililita 145 za gliserini, na kazi yake ni kulinda ngozi. Kikiwauma, jueni ya kuwa ngozi imekwisha kupasuka, nayo yataka kutunzwa. Lakini mikono ikiwa na damu au uchafu, au baada ya kutoka chooni, au baada ya kumhudumia mwenye kuhara, naweni kwa maji na sabuni. Wala msitumie vyote viwili kwa mfululizo, kwani mtaiumiza ngozi bure.

Tatu, maji ya klorini, ambayo wengi huyaita jiki, ni ya kuloweka vyombo na kufutia sakafu. Msichovye humo mikono mitupu. Vaeni glavu nene.

Nne, glavu za kumhudumia mgonjwa zivaliwe juu ya mikono iliyokauka vizuri, zivuliwe mara kazi yake iishapo. Jasho na maji yaliyofungiwa ndani ya glavu hulainisha ngozi hata ikaharibika. Wala glavu si badala ya kunawa.

Tano ni mafuta. Wakati wa zamu pakeni losheni nyepesi isiyo ya mafuta matupu, kwa kuwa mafuta mazito hudhoofisha mpira wa glavu. Mkirudi nyumbani, na hasa mkienda kulala, pakeni kwa wingi mafuta ya mgando wakati ngozi ingali na unyevu kidogo, kisha vaeni soksi safi za pamba mikononi mpaka asubuhi. Msicheke, jaribuni kwa majuma mawili ndipo mseme. Asiye na fedha ya kununua, nchi yetu ina alizeti na nta ya nyuki. Chukua sehemu moja ya nta safi na sehemu nne za mafuta ya alizeti, uziyeyushe katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Yakipoa utapata mafuta mazito ya kupaka usiku. Kila mtu awe na kopo lake.

Sita, msitie limau, chumvi, majivu wala mafuta ya taa katika nyufa. Jihadharini pia na mafuta ya dukani yaahidiyo kung'arisha ngozi. Mengine yana zebaki, ile ile iliyomuumiza Bibi Hampton, nayo yamepigwa marufuku Tanzania. Mengine yana dawa kali ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Na mikono ikitoa usaha, ikivimba, ikitoka vilengelenge, au ikipona wakati wa likizo na kuugua tena ukirudi kazini, huo waweza kuwa ukurutu au mzio wa glavu. Mwonyeshe daktari, umwarifu na msimamizi wako. Kuficha ndiko kulikotuponza sisi.

Sasa twageukia wenyeviti na waalimu, maana mzigo huu si wa wauguzi peke yao. Muuguzi hawezi kutunza mikono mahali pasipo maji ya kutosha, wala mahali ambapo sabuni iliyopo ni ile ya unga ya kufulia nguo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake na madhara ya kazi. Basi katika mikutano yenu, mnapouliza kama zahanati ina dawa, ulizeni pia kama ina maji, sabuni laini, kitakasa chenye gliserini, na glavu za kutosha. Waalimu nao wawafundishe watoto. Wengi wao huuguza bibi na babu nyumbani, nao hunawa mara nyingi. Mwakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, ndoo za maji zilipowekwa milangoni pa maduka, jinsi mikono ya watu wengi ilivyopauka kwa majuma machache tu. Yaliyowapata ninyi kwa majuma, wauguzi huyapata miaka yote.

Mtu akimwona muuguzi akipaka mafuta kabla ya kuondoka kazini, asidhani ya kuwa ajipamba. Atunza chombo cha kazi, kama vile mkulima anoavyo jembe lake kabla ya mvua. Na mkono huo kesho utamshika mgonjwa wa nyumba yake.

Hayo ndiyo maneno yetu. Twawatakieni afya njema, na kipupwe kisicho na nyufa. Kwaherini.