Chimala kwa Miguu: Maneno kwa Wageni na kwa Wenyeji

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani, siku ya maadhimisho ya hekalu)



Sisi familia tunaoishi na kufanya biashara Chimala tumepewa dakika chache tuwaeleze wageni namna ya kuutembelea mji wetu mdogo kama wanavyoutembea wenyeji. Tunashukuru kwa heshima hiyo, na tutajitahidi tusiwachoshe.

Wengi wenu mnaifahamu Chimala kupitia dirisha la gari. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inapita katikati ya mji, na basi likisimama, husimama kidogo tu. Aliyeketi dirishani huona vibanda, magunia, bodaboda, na mlima uliosimama nyuma kama ukuta. Kisha basi huondoka. Mtu huyo amepita Chimala, lakini hajafika.

Hata hivyo, kabla ya kuwanyooshea kidole wapita njia, hatuna budi kukiri jambo letu wenyewe. Nasi tuliishi hapo miaka mingi kama watu wa dirishani. Alikuwapo mzee mmoja aliyetukobolea mpunga, na kila mwaka alituletea mchele wa kwanza wa msimu. Tulimwamkia shikamoo, tukamlipa haki yake, tukadhani ujirani umekamilika. Alipofariki, tulimtuma dereva apeleke rambirambi. Siku ya tatu tuliona aibu, tukaazimia kwenda kuhani wenyewe. Na hapo ndipo tulipotambua kwamba hatuijui nyumba yake. Ilitubidi tumwombe mtoto atuongoze. Ulikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka dukani kwetu, kuvuka mfereji mmoja tu. Mjane wake alitutandikia mkeka, akasema: "Karibuni. Yeye kwenu alikuwa anapajua."

Hakusema kwa kutulaumu, lakini maneno yale hayajatutoka. Haya tutakayowaeleza sasa tuliyajua baada ya siku ile, tulipoanza kutembea kwa miguu.

Jambo la kwanza ni salamu. Katika nyanda zetu hizi neno "kamwene" hufungua milango mingi, kwa Wasangu, kwa Wabena, kwa Wahehe na kwa Wakinga. Mgeni asiulize bei kabla ya kusalimu, wala asisalimu huku anatembea. Asimame. Aulize habari za nyumbani, na za shamba. Mwenye kuona kwamba hayo ni kupoteza muda hajaanza safari bado.

Kutoka barabarani, nendeni sokoni na kwenye mashine za kukoboa. Huko mtajifunza kwamba zao moja lina majina kadiri ya mahali lilipo: shambani ni mpunga, ghalani ni mchele, mezani ni wali, na hata kinachobaki mashineni kina jina na mnunuzi wake, chenga kwa huyu na pumba kwa yule mwenye mifugo. Mjue pia kwamba mpunga si wa aina moja. Wapo wanaoisifu SARO 5 kwa mavuno yake, na wapo wasiokubali kula ila mchele wenye harufu. Msione haya kumwomba muuzaji awaeleze. Kandokando ya mchele mtaona viazi vilivyoteremshwa kutoka Matamba, huko juu mlimani. Hivyo sokoni mwetu bonde na mlima hukutana kila siku.

Ulizeni pia watu wametoka wapi, lakini ulizeni kwa adabu. Bonde la Usangu ni nchi ya Wasangu, waliotawaliwa na watemi wa ukoo wa Merere, ambao makao yao yalikuwa Utengule. Vita vya karne ya 19 dhidi ya Wahehe viliwasukuma hadi Usafwa, wakarejea bondeni wakati wa utawala wa Wajerumani. Wabulushi, ambao asili yao ni ng'ambo ya bahari kama sisi, walifika Usangu na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kilimo cha mpunga wa kumwagilia. Wasukuma walikuja na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Wakinga na Wanyakyusa wapo madukani na mashambani. Katika miaka ya 1970 shamba kubwa la mpunga la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China, na katika miaka hiyohiyo reli ya TAZARA ikakatiza nyanda zetu kuelekea Zambia. Mwenye kuyasikia hayo ataona kwamba karibu kila mtu Chimala aliwahi kuwa mgeni, au babu yake alikuwa mgeni. Kwa hiyo swali la nani ni mwenyeji halijibiwi kwa kutazama rangi ya uso wala jina la ukoo.

Baada ya soko, fuateni mfereji. Mto Chimala hushuka kutoka mlimani na kuingia bondeni, na maji yake hugawanywa katika mifereji hadi kwenye majaruba ya mpunga. Hapa mgeni na atembee taratibu, asikanyage kingo za majaruba bila ruhusa, maana tuta likibomoka, kazi ya siku nzima imepotea. Maji hutolewa kwa zamu. Mkulima wa juu akizidisha zamu yake, wa chini hukosa. Na mambo hayo yamewahi kugombanisha ndugu wa tumbo moja. Wala habari haiishii kwetu. Mito ya Usangu huungana kuwa Ruaha Mkuu, unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukajaza mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayozalisha umeme, kisha ukaingia Rufiji na kufika Bahari ya Hindi. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na matumizi ya maji huku juu ni moja ya sababu kubwa. Basi mgeni atokaye Dar es Salaam, akisimama kwenye mfereji wetu, asidhani yu mbali na nyumbani kwake. Taa anayoiwasha usiku ina deni la maji haya.

Kama mna siku ya pili, pandeni mlima. Barabara ya kwenda Matamba huanzia Chimala na kupanda kwa kona 57, kama wenyeji wanavyozihesabu, na madereva wake ni watu wa kuheshimiwa. Juu yake ipo Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake wakati wa mvua. Tazameni, msichume. Mizizi ya baadhi ya maua hayo, yaitwayo okidi, imekuwa ikichimbwa na kusafirishwa Zambia kwa chakula, na katika sehemu nyingine maua yamepungua sana. Mkiwa njiani kurudi mtaiona hospitali ya misheni ya Kanisa la Kristo, iliyoanza miaka ya 1960, ambayo haimuulizi mgonjwa dini yake. Wengi wetu tuna mtoto au mzazi aliyetibiwa hapo. Piteni mwaamkie waliolazwa, kwani hiyo nayo ni sehemu ya kuutembelea mji.

Ndugu zetu waumini, haya si mambo ya kigeni katika imani yetu. Kila tuingiapo hekaluni tunavua viatu, na baada ya kusali tunafanya pradakshina: tunakizunguka kilicho kitakatifu kwa miguu, kikiwa upande wa mkono wetu wa kulia. Hatukizunguki kwa gari. Kule India wapo mahujaji wanaouzunguka mto Narmada wote kwa miguu, mto wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,300; wanashuka ukingo mmoja na kupanda mwingine, wakila kile wanachopewa na wanakijiji. Safari hiyo huwafundisha kupokea. Sisi wafanyabiashara tumezoea kutoa: tunatoa michango, tunatoa misaada, tunatuma rambirambi. Kupokea mkeka wa jirani na kuketi juu yake ni jambo tulilochelewa kujifunza.

Nanyi majirani zetu, tunajua kwamba wengi wenu mmeishi karibu na hekalu hili miaka mingi mkisikia kengele yake bila kujua ndani kuna nini. Kosa hilo ni letu. Lango lilikuwa wazi, lakini hatukutoka nje kuwakaribisha, na mtu mwenye adabu haingii pasipo kukaribishwa. Leo tunawakaribisha. Vueni viatu kama sisi, ulizeni mtakacho, na mpokee prasadi, chakula kilichotolewa kwanza kwa Mungu, ambacho hupewa kila aliyefika bila kuulizwa kabila wala dini.

Kwa hiyo tuna ombi moja kwa waumini wenzetu. Ibada ya jioni ikimalizika leo, tusielekee moja kwa moja kwenye magari. Tutoke langoni tukiwa tumebeba prasadi, tuzunguke mitaa inayopakana na hekalu, tusimame kwenye kila nyumba, tusalimu, na tuwaulize wenye nyumba majina yao. Atakayeona aibu kwamba hajui jina la jirani wa miaka 20, na aione tu. Aibu hiyo tuliionja sisi, na haikutudhuru kama ilivyotudhuru kutokuijua ile nyumba.

Na mtakapofika Chimala, msitupigie simu tuwafuate kituoni kwa gari. Shukeni, simameni, semeni "kamwene," kisha ulizeni kwetu ni wapi. Mkielekezwa bila shida, mtajua kwamba tumeanza kuwa wenyeji.

Tumalize kwa habari ya ile nyumba ng'ambo ya mfereji. Mwaka huu mtoto wa marehemu alitupigia simu kwamba mchele wa kwanza wa msimu uko tayari, akauliza autume kwa nani. Tulimjibu asiutume. Tulikwenda kuuchukua wenyewe, kwa miguu, na safari hii hatukuhitaji mtu wa kutuongoza.